Maji Ndani ya Kioo cha Jicho: Unyevu wa Konea na Upimaji wa Ukakamavu Wake

Utangulizi

Katika jarida hili tumezoea kujadili ngeli, ushairi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunaomba ruhusa ya kutoka kidogo nje ya uwanja wetu na kuingia katika elimu ya macho. Sababu ni tukio lililotupata Budondo, kando ya Mto Nile kaskazini mwa Jinja, tulipokwenda kuwatembelea wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha.

Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu anayekimudu vizuri Kiswahili cha kambini, alitufuata chini ya mwembe wa shule akiwa na karatasi ya kliniki. "Waalimu," alisema, "nyinyi ndio wenye lugha. Nisomeeni hii." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Ilieleza kwamba konea ya jicho lake la kushoto imevimba kwa maji, kwamba shinikizo la jicho lililopimwa ni la kawaida lakini namba hiyo isitegemewe, na kwamba arudi kupimwa tena upesi.

Mwanafunzi wetu mmoja alimfasiria haraka: "Mzee, wanasema jicho lako linatoa maji, lakini presha ni nzuri." Mzee akacheka. "Jicho langu halitoi maji hata tone, mwalimu. Na kama presha ni nzuri, mimi nirudi huko kufanya nini?"

Haraka haraka haina baraka. Tafsiri ile fupi ilikuwa na makosa mawili. Kwanza, iliyachanganya maji yaliyomo ndani ya tishu na machozi yanayotoka nje. Pili, iliacha maneno "isitegemewe". Tulipomuuliza mwanafunzi kwa nini aliyaacha, alijibu kwa unyofu kwamba hakuona maana yake: namba ikiwa ya kawaida, kwa nini isitegemewe? Nasi waalimu wake, tukisema kweli, hatukuwa na jibu. Tulimsihi mzee arudi kliniki, akakubali, kisha tukarudi chuoni kusoma. Makala haya ni matunda ya kusoma huko.

Konea ni nini, na maji yamo wapi?

Konea ni lile tabaka angavu lililo mbele kabisa ya jicho, ambalo watu wengi huliita kioo cha jicho. Isichanganywe na mboni, ambayo ni ule uwazi mweusi unaoonekana nyuma yake. Upana wa konea ya mtu mzima ni kama milimita 11 hadi 12, na unene wake katikati ni takriban milimita 0.54. Ingawa ni nyembamba hivyo, hufanya karibu theluthi mbili za kazi yote ya jicho ya kupinda mwanga.

Sehemu kubwa ya unene huo, kama asilimia 90, ni tabaka la katikati liitwalo stroma. Stroma imejengwa kwa nyuzi za kolajeni zilizo nyembamba mno, zimelazwa sambamba katika matabaka zaidi ya mia mbili, moja juu ya jingine, kama mikeka iliyopangwa ghalani. Mpangilio huo wa nyuzi ndio unaoifanya konea iwe angavu, jambo ambalo mwanasayansi David Maurice alilifafanua mwaka 1957.

Katikati ya nyuzi hizo mna molekuli ziitwazo proteoglaikani, ambazo huvuta maji kwa nguvu. Kwa hiyo stroma ina kiu wakati wote. Ukiikata konea na kuitumbukiza katika maji ya chumvi, itafyonza maji na kuvimba hadi mara kadhaa ya unene wake, na weupe wa ukungu utaingia. Kinachozuia jambo hilo katika jicho lililo hai ni walinzi wawili. Kwa nje kuna epitheli, utando unaoyazuia machozi kupenya. Kwa ndani kuna endotheli, safu moja tu ya seli ambazo hufanya kazi kama pampu, zikiyatoa maji kila yanapoingia. Seli hizo za ndani zikifa, mwili wa binadamu hauzioteshi nyingine za kutosha kujaza pengo.

Konea yenye afya huwa na maji kama asilimia 78 ya uzito wake. Hapa tuwe waangalifu na hesabu ya asilimia. Tuchukue tishu ya gramu 100: gramu 78 ni maji, gramu 22 ni kitu kikavu. Kwa kila gramu moja kavu pana gramu 3.5 za maji. Sasa tishu hiyo ifyonze gramu 100 zaidi za maji. Maji yamekuwa gramu 178 na uzito wote ni gramu 200, yaani asilimia 89. Kutoka 78 hadi 89 panaonekana ni hatua ndogo, kumbe maji yameongezeka zaidi ya mara mbili: sasa ni gramu 8 kwa kila gramu moja kavu. Ndiyo maana wataalamu wengi hupenda kutaja uwiano wa maji kwa kitu kikavu kuliko asilimia.

Tujifunze kutoka kwa ngoma

Hapa Busoga hatuhitaji maabara ili kuona jinsi maji yanavyobadili ukakamavu wa tishu. Mpiga ngoma yeyote anajua kwamba ngozi iliyowambwa ikipigwa na mvua hulegea na sauti yake huzama. Kabla ya sherehe huisogeza ngoma kando ya moto au kuianika juani, ngozi ikakauka, ikakazana, na mlio ukapanda. Ngozi haikubadilishwa, wala kamba hazikukazwa upya. Kilichobadilika ni maji tu.

Ngozi ya ngoma, iwe ya ng'ombe au ya kenge, ni kolajeni, na konea nayo ni kolajeni. Mtu akituuliza, "Ngozi hii ina ukakamavu kiasi gani?" jibu la haki ni swali jingine: "Ikiwa na maji kiasi gani?" Mfano huu unatufaa darasani, lakini una mpaka wake: ngozi ya ngoma haina pampu hai, na konea inayo.

Ukakamavu hupimwaje?

Njia ya zamani zaidi ni ya kukata kipande chembamba cha konea, kukibana ncha zake mbili na kukivuta. Mtafiti hupima nguvu aliyotumia na urefu ulioongezeka. Nguvu ikigawanywa kwa eneo la mkato wa kipande hupatikana mkazo. Mkazo ukilinganishwa na kadiri ya kurefuka hupatikana kipimo cha ukakamavu. Njia nyingine ni kuifunga konea nzima kwenye chumba kidogo, kuijaza kimiminika kwa nyuma na kutazama inavyotuna shinikizo linapopanda. Wengine huibonyeza kwa ncha ndogo na kupima inavyorudisha.

Njia zote hizo hukutana na tatizo moja. Baada ya mtu kufariki, pampu ya endotheli hufifia na konea huanza kuvimba. Ikikaa mezani bila kufunikwa, hukauka. Ikiwekwa katika maji ya chumvi ya kawaida, huvimba zaidi. Kwa hiyo kipande kinachopimwa saa nne asubuhi huenda si kilekile kikipimwa saa sita, ingawa kimetoka katika jicho moja.

Tutoe hesabu ndogo. Kipande kina upana wa milimita 5 na unene wa milimita 0.5, hivyo eneo la mkato ni milimita mraba 2.5. Kikivutwa kwa nguvu ya nyutoni 0.5, mkazo ni nyutoni 0.2 kwa kila milimita mraba. Sasa kipande hichohicho kivimbe hadi unene wa milimita 1. Eneo limekuwa milimita mraba 5, na nguvu ileile inatoa mkazo wa 0.1 tu. Nyuzi za kolajeni zinazobeba mzigo ni zilezile; hakuna hata moja iliyoongezeka au kupungua. Hata kama zimerefuka kiasi kilekile, karatasi ya matokeo itasema kwamba ukakamavu umepungua kwa nusu.

Hilo ni la hesabu peke yake. Juu yake lipo la tishu yenyewe. Maji yakizidi, nafasi kati ya nyuzi hupanuka na namna zinavyoshikana hubadilika. Yakipungua, nyuzi husongamana na tishu hukakamaa. Hamed Hatami-Marbini na wenzake huko Marekani, katika tafiti walizochapisha kuanzia miaka ya 2010, walivuta vipande vya konea vyenye viwango tofauti vya maji na kuonyesha kwamba ukakamavu hushuka kadiri maji yanavyoongezeka. Hii ni sababu mojawapo ya kuona, katika maandishi ya kitaalamu, namba za ukakamavu wa konea zinazopishana kwa mara kumi na hata zaidi. Si kwamba wote walikosea kupima. Wengine walikuwa wakipima konea zenye hali tofauti na kuziita kwa jina moja.

Dawa ya tatizo hili inajulikana. Mtafiti hupima unene kabla na baada ya jaribio. Hupima uzito wa kipande kikiwa na maji, kisha hukikausha kabisa na kukipima tena, ili apate ule uwiano tuliouona juu. Wakati wa jaribio hukizamisha kipande katika mafuta yasiyochanganyika na maji, au katika mchanganyiko wenye dekstrani ambayo huzuia konea isifyonze maji kupita kiasi. Na katika ripoti huandika wazi alichokifanya. Ripoti inayotaja ukakamavu bila kutaja maji ni kama mwalimu anayetangaza kwamba mwanafunzi amepata 40 bila kusema ni 40 kati ya ngapi.

Kutoka maabara hadi kliniki

Sasa turudi kwa mzee wetu wa Budondo. Shinikizo la ndani ya jicho hupimwa kwa tonometa. Iliyoenea zaidi ni ile iliyobuniwa na Hans Goldmann katika miaka ya 1950, ambayo hubonyeza konea kwa upole mpaka sehemu ndogo yenye kipenyo cha milimita 3.06 iwe bapa. Nguvu iliyohitajika hugeuzwa kuwa shinikizo. Kwa watu wengi wazima namba huangukia kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Shinikizo likiwa kubwa mno, mshipa wa fahamu wa jicho unaweza kuharibika polepole. Ugonjwa huo huitwa glakoma, na uoni uliopotea kwa glakoma haurudi.

Tonometa haigusi maji yaliyo ndani ya jicho, inagusa konea. Kwa hiyo hupima vitu viwili kwa pamoja, yaani shinikizo la ndani na ukaidi wa konea yenyewe. Goldmann alikadiria konea ya kawaida yenye unene wa karibu nusu milimita. Konea yenye afya iliyo nene kuliko hapo hukaidi zaidi, na namba hupanda kuliko ukweli. Iliyo nyembamba hukubali haraka, na namba hushuka. Jambo hili linatuhusu kwa karibu, kwani utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo ya unene wa konea mwaka 2001 ulikuta kwamba Wamarekani weusi walioshiriki walikuwa, kwa wastani, na konea nyembamba kuliko wenzao.

Kutokana na hayo, baadhi ya watu hutumia jedwali: konea nene, punguza namba, konea nyembamba, ongeza. Lakini je, konea ikiwa nene kwa sababu imevimba kwa maji? Hapo unene umeongezeka na ukakamavu umepungua, kama ngozi ya ngoma iliyolowa. Konea iliyovimba sana hubonyea kwa urahisi, na namba huwa ndogo kuliko ukweli. Anayefuata jedwali bila kutazama ataona unene, atapunguza namba ambayo tayari ilikuwa ndogo, na kosa litakuwa maradufu.

Kuna zaidi. Shinikizo likipanda ghafla ndani ya jicho laweza lenyewe kuilemea pampu ya endotheli na kuifanya konea ivimbe. Kwa hiyo mtu mwenye shinikizo la hatari anaweza kupimwa na kupewa namba ya kawaida, kwa sababu shinikizo lile lile limelegeza konea inayopimwa. Hiyo ndiyo maana ya maneno "isitegemewe, arudi upesi". Mwanafunzi wetu aliyaacha maneno mawili, na maneno hayo ndiyo yaliyobeba jicho la mzee.

Hata jicho lenye afya lina saa zake. Usiku kope zikiwa zimefungwa, hewa ya oksijeni hupungua na konea huvimba kidogo, kwa asilimia chache. Tukiamka huwa nene kuliko wakati wowote wa siku, kisha hupungua katika saa za mwanzo za asubuhi. Mtafiti anayetaka kulinganisha vipimo vya leo na vya mwezi ujao hana budi kuandika na saa aliyopima.

Mashine mpya, swali lilelile

Miaka ya karibuni zimekuja mashine zisizokata wala kugusa jicho. Zipo zinazopuliza hewa na kutazama konea inavyobonyea na kurudi. Ipo pia njia ya Brillouin, ambayo hurusha mwanga na kupima mabadiliko madogo mno ya rangi yake unaporejea. Njia hii ilileta matumaini makubwa, hasa kwa keratokonasi, ugonjwa ambao konea hudhoofika, ikawa nyembamba na kutuna kama ncha ya pia. Lakini mwaka 2018 kundi moja la watafiti lilichapisha matokeo yakidai kwamba, katika vitu vyenye maji mengi, njia hiyo hufuata zaidi kiasi cha maji kuliko ukakamavu. Waasisi wa njia hiyo walijibu, na mjadala ukawa mkali. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha kwamba vipimo vya Brillouin vya jicho la mtu aliye hai hubadilika pamoja na unyevu wa konea katika siku moja.

Katika matibabu ya keratokonasi maji yana sura nyingine pia. Tiba iliyoanzia Dresden, Ujerumani, na kuchapishwa kwa wagonjwa mwaka 2003, hutumia riboflavini, yaani vitamini B2, pamoja na mionzi ya urujuanimno ili kuzifunga nyuzi za kolajeni zishikane. Kwa kawaida hutakiwa unene usiopungua maikromita 400 ili mionzi isidhuru endotheli. Konea ikiwa nyembamba kuliko hapo, daktari anaweza kuivimbisha kwa muda kwa matone maalumu. Maji yanayomsumbua mpimaji yamekuwa msaidizi wa mtibabu.

Kwa nini Budondo?

Huenda msomaji akauliza, haya yote yanahusiana vipi na kijiji cha kando ya mto? Sehemu hii ya Nile, tangu Jinja kuelekea Ziwa Kyoga, zamani ilikuwa makao ya nzi wadogo weusi wanaozaliana katika maji yaendayo kasi na kueneza usubi, yaani upofu wa mtoni. Vijiminyoo vya ugonjwa huo vikifia ndani ya konea huleta uvimbe na hatimaye makovu. Kazi ya kutia dawa ya DDT mtoni ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1970 nzi hao walikuwa wametoweka katika sehemu hii. Busoga pia ilikuwa miongoni mwa maeneo ya Uganda yaliyolemewa na trakoma, ambayo kope zake zilizogeukia ndani hukwaruza konea. Epitheli ikikwaruzwa, mlinzi wa nje ameondoka na maji hupata njia.

Kwa hiyo habari ya konea si ngeni hapa. Jinja pana shule ya kufunza maafisa wa tiba ya macho. Wataalamu wapo, kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kati anayeweza kumweleza mgonjwa kwa lugha anayoielewa.

Suala la istilahi

Hapa ndipo kazi yetu ilipo. Tulipojaribu kuyaandika haya, tulikutana na maneno yanayoteleza. Tunapendekeza yafuatayo, tukikaribisha kukosolewa.

Unyevu ni neno zuri lakini ni pana: lahusu hewa, udongo na nguo pia. Kwa mgonjwa ni afadhali kusema "maji yaliyomo ndani ya konea". Wanafunzi wetu wengine waliandika "kunywa maji ya kutosha", wakidhani habari ni ya kiu ya mwili. Mtu akisoma hivyo atakunywa maji na kukaa nyumbani.

Mkazo sisi waalimu wa lugha tunaujua kama nguvu inayowekwa kwenye silabi. Katika fizikia ni nguvu kwa eneo. Neno moja laweza kutumika katika fani mbili, ila mwandishi atangaze yuko uwanja gani.

Ugumu huchanganya, kwa kuwa mtihani nao una ugumu. Ukakamavu unafaa zaidi.

Shinikizo na kanieneo hutumika katika vitabu, lakini mitaani watu husema presha, nao humaanisha presha ya damu. Tuseme "presha ya ndani ya jicho" kwa mgonjwa, na tubaki na shinikizo darasani.

Kioo cha jicho chaeleweka haraka, ila wengine hudhani ni lenzi. Tutumie konea, tukilifafanua mara ya kwanza.

TUKI ilitutangulia kwa kamusi za sayansi, ikiwemo ile ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Na tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, Julai 2022, wanaotutazama sisi kwa majibu wameongezeka. Hatuwezi kuwaambia kwamba sisi ni wa mashairi tu.

Hitimisho

Tumeona kwamba ukakamavu wa konea hauwezi kutajwa peke yake bila kutaja maji yaliyomo. Kwamba uvimbe hupotosha hesabu na pia hubadili tishu yenyewe. Na kwamba konea iliyovimba inaweza kuficha shinikizo la hatari nyuma ya namba ya kawaida. Tumeona pia kwamba mfasiri akiacha sharti lililofungamana na namba, ameacha maana yenyewe.

Kwa waalimu watakaopenda kulitumia somo hili darasani, tunapendekeza zoezi moja. Waambie wanafunzi waandike, kwa sentensi zisizozidi tano, maelezo ya karatasi ya mzee wetu kwa mtu asiyejua Kiingereza wala fizikia. Kisha waulize: je, baada ya kuyasoma, mzee atarudi kliniki au atabaki nyumbani? Alama zitolewe kwa jibu hilo kwanza, na sarufi ifuate.